Kimo cha Nyasi

Anayemlinda kipepeo samawati mkubwa wa Uingereza hufanya sehemu kubwa ya kazi yake akiwa amepiga magoti. Mkononi ana rula. Huisimamisha kwenye nyasi za mteremko, husoma, huandika katika daftari, husogea hatua chache, kisha huisimamisha tena. Sentimita 2. Moja na nusu. Hapa 4, hapa pana tatizo. Kipepeo mwenyewe huruka kwa wiki chache tu, kuanzia katikati ya Juni hadi karibu na katikati ya Julai, na kila mmoja huishi siku chache mno. Miezi yote iliyobaki kazi ni ya nyasi, mifugo, vichaka na vipimo.

Kadiri ninavyoisoma habari ya kazi hii ndivyo ninavyozidi kuiheshimu. Tunapofikiria kulinda viumbe adimu, wengi wetu tunawaza tembo na faru, doria za usiku na askari wenye bunduki. Anayelindwa hapa ni mdudu ambaye mabawa yake yakifunuliwa yote hufika kama sentimita 4 au 5, ya samawati iliyokolea, yenye madoa meusi na ukingo mweusi. Wanasayansi humwita Phengaris arion. Carl Linnaeus alimpa jina la arion mwaka 1758. Katika ukoo wa vipepeo samawati wa Uingereza ndiye mkubwa kuliko wote na ndiye adimu kuliko wote, na mwaka 1979 alitoweka kabisa katika nchi hiyo. Leo yupo. Amerudi kwa sababu watu wachache walikubali kujifunza jambo dogo kwa undani mpaka mwisho, kisha wakalitenda kila mwaka bila kuchoka.

Ili kuelewa ugumu wa kazi yao, anza na kipepeo rahisi. Mtu wa pwani mwenye mlimau au mndimu uani anawajua wale viwavi ambao wakiwa wachanga hufanana na kinyesi cha ndege, na wakikua huwa kijani na kuzimaliza jani kwa jani chipukizi za mti. Ni watoto wa Papilio demodocus, kipepeo mkubwa mweusi na manjano anayepatikana karibu kila bustani ya Afrika Mashariki. Huyo akishapata mlimau amepata yote. Ndiyo maana hajawahi kumpa mtu yeyote wasiwasi, isipokuwa mwenye mlimau.

Samawati mkubwa hataki mmea peke yake. Jike hutaga yai mojamoja kwenye vitumba vichanga vya maua ya thaimu ya mwituni, mmea mfupi wenye harufu, wa ukoo mmoja na mrehani, unaotambaa kwenye ardhi kavu ya vilima. Kiwavi hula maua hayo kwa muda wa wiki mbili hadi tatu, akijivua ngozi mara tatu, na wakati wote huo anabaki mdogo ajabu, wa milimita chache tu. Kisha jioni moja hujiachia na kuanguka chini, akajificha chini ya majani na kungoja.

Anamngoja sisimizi. Sisimizi mwekundu akipita na kumgusa, kiwavi hutoa tone la majimaji matamu kutoka kwenye tezi iliyo mgongoni. Sisimizi hulilamba, humpapasa, huondoka, hurudi. Shughuli hiyo yaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Mwishowe kiwavi huuvimbisha mwili wake karibu na kichwa, akawa na umbo na mguso wa buu wa sisimizi, tena ana harufu inayomdanganya mwenyeji wake. Sisimizi huamini kuwa amemkuta mtoto wao aliyepotea nje. Humbeba kwa taya zake na kumpeleka kiotoni chini ya ardhi, humo humo chumbani mwa watoto wao.

Humo ndani kiwavi hubadilika. Mla maua anakuwa mla nyama, na nyama yake ni mabuu ya sisimizi waliomchukua. Hukaa huko takriban miezi kumi, wengine karibu miaka miwili, na zaidi ya asilimia 98 ya uzito wake wa mwisho huupata katika giza hilo. Hugeuka pupa humo humo. Siku ya kuibuka, asubuhi, kipepeo mpya hutambaa kupitia njia za sisimizi mpaka juu, hupanda unyasi, hukunjua mabawa na kuyakausha.

Sehemu ya siri hii ilifahamika zamani. Mwaka 1915 daktari na mtaalamu wa wadudu T. A. Chapman aling'oa shina la thaimu na kumkuta kiwavi mkubwa katika kiota cha sisimizi kilichokuwa chini yake; alipompasua alikuta ndani ya tumbo mabaki ya mabuu ya sisimizi. Baada yake, Kapteni E. B. Purefoy aliwalea viwavi hao nyumbani pamoja na sisimizi, akitumia maganda ya nusu jozi kuwa viota vidogo, huku F. W. Frohawk akichora na kuandika kila hatua. Hebu fikiria subira ya mtu anayefunika kiwavi na sisimizi kadhaa kwa ganda la jozi, kisha anafunua taratibu kila baada ya muda kutazama nani amekula nini. Kazi ya vizazi vilivyofuata imesimama juu ya maganda hayo.

Lakini kujua kwamba kuna sisimizi hakukumwokoa kipepeo. Idadi iliendelea kushuka, bonde baada ya bonde, na lawama ikawaangukia wakusanyaji wa vipepeo, wale waliokuwa wakija na nyavu na pini kila kiangazi. Lawama ilikuwa rahisi kuaminika. Wakusanyaji walionekana kwa macho, na walikuwa wengi. Kwa hiyo mahali fulani palizungushiwa uzio ili kuwazuia. Uzio ukawazuia kweli wakusanyaji. Ukawazuia pia ng'ombe na kondoo. Nyasi zikapanda, na vipepeo wakatoweka ndani ya uzio uliojengwa kwa ajili yao. Mwaka 1962 iliundwa kamati maalumu ya kumwokoa samawati mkubwa, watu wenye nia njema na elimu ya kutosha, na bado makundi yaliyobaki yakazidi kufa mbele ya macho yao.

Mwaka 1972 kijana mtafiti aitwaye Jeremy Thomas alitumwa kwenda kuishi karibu na kundi la mwisho, Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Hapa ndipo ufundi ninaousifu ulipoanza. Thomas hakuja na dawa. Alikuja kuhesabu. Alihesabu mayai kwenye vichwa vya maua ya thaimu. Aliwahesabu viwavi walioanguka. Aliweka chambo kitamu chini, akawafuata sisimizi kwa macho hadi viotani mwao, akachora ramani ya kila kiota na kuandika aina ya sisimizi waliomo. Alifanya hivyo kiangazi baada ya kiangazi, kipepeo mmoja baada ya mwingine, akitafuta ni hatua gani ya maisha ndiyo inayoua wengi kupita kiasi. Mayai hayakuwa tatizo. Thaimu haikuwa tatizo, ilikuwepo ya kutosha. Majike walikuwa wakitaga vizuri. Kifo kikubwa kilikuwa kikitokea chini ya ardhi, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akitazama.

Jibu lilikuwa aina ya sisimizi. Sisimizi wekundu wa jenasi ya Myrmica wapo wa spishi kadhaa, na kwa macho ya kawaida wote ni wamoja. Hata mtaalamu huhitaji kioo cha kukuzia na kutazama jinsi kipapasio kinavyopinda karibu na kichwa. Vitabu vya zamani vilisema tu kwamba kiwavi huchukuliwa na sisimizi wekundu. Thomas aligundua kwamba spishi zote hizo humchukua kiwavi kwa moyo mmoja, lakini akiwa na Myrmica sabuleti ndipo anapopona kwa kiwango cha kuliendeleza kundi. Katika viota vya spishi nyingine, viwavi wengi hugunduliwa na kuuawa. Kwa hiyo mteremko unaweza kuwa umejaa thaimu na umejaa sisimizi wekundu, ukapendeza machoni pa kila mgeni, na bado ukawa kaburi la kipepeo.

Naye sabuleti ana sharti lake: anataka joto. Uingereza iko mbali na ikweta, jua lake hukaa upande wa kusini na halifiki utosini kama letu, kwa hiyo mteremko unaotazama kusini ndio unaopata joto zaidi. Hata hapo, joto linalomhusu sisimizi ni la udongo, na udongo hupokea jua pale tu nyasi zinapokuwa fupi. Nyasi zikipita takriban sentimita 3, huufunika udongo kama paa la makuti linavyoifunika sakafu, na joto la ardhini hushuka kwa nyuzi 2 au 3 za Selsiasi. Mtu hawezi kulihisi badiliko hilo kwa kiganja. Sabuleti analihisi, anapungua, na nafasi yake huchukuliwa na binamu yake anayevumilia baridi, Myrmica scabrinodis. Juu ya ardhi hakuna kilichobadilika cha kumshtua mtu. Thaimu bado inachanua. Vipepeo bado wanataga. Viwavi wanachukuliwa na sisimizi wasio wao.

Ukishajua hivyo, historia yote inasomeka upya. Vilima hivi vilikuwa malisho kwa karne nyingi. Katika karne ya 20 kufuga kwenye miteremko mikali na maskini kukawa hakulipi tena, wakulima wakawaondoa mifugo. Kwa muda sungura wa mwituni waliendelea kuzifupisha nyasi bure, bila kuajiriwa na yeyote. Kisha mwaka 1953 ugonjwa wa miksomatosisi ukaingia Uingereza, na ndani ya miaka michache ukaua karibu sungura wote. Hapo nyasi zikainuka kila mahali. Hakuna aliyemwua kipepeo kwa kukusudia; aliondoka ng'ombe, akafa sungura, zikarefuka nyasi, akahama sisimizi.

Thomas na wenzake walipolifahamu jambo hili walianza mara moja kurekebisha malisho, lakini kundi lililobaki lilikuwa dogo mno, na ukame mkali wa 1975 na 1976 ukalipiga zaidi. Mwaka 1979 ikatangazwa kwamba samawati mkubwa ametoweka Uingereza. Nafikiri mtu mwingine angefunga daftari hapo. Wao walikuwa na kitu ambacho hakuna aliyewahi kuwa nacho: maelezo kamili, yenye vipimo, ya nyumba ambayo mpangaji wake amekwisha kufa. Wakaamua kuijenga nyumba hiyo kwanza, halafu wamtafute mpangaji mwingine.

Kujenga makazi ya kipepeo huyu ni kazi ya msimu hadi msimu, na uzuri wake uko katika mpangilio. Majira ya baridi ndiyo ya vichaka. Watu hupanda vilimani na misumeno na mapanga kukata miiba iliyovamia mteremko, na mahali pengine huchoma vichaka kwa moto unaodhibitiwa. Vuli na mwanzo wa majira ya kuchipua ni zamu ya mifugo: huingizwa ili wazile nyasi mpaka zifikie kimo kinachotakiwa. Kisha, kabla thaimu haijatoa vitumba, huondolewa, kwa maana kinywa kimoja kinaweza kulifyeka ua pamoja na yai lililomo. Wakichelewa kuondolewa, mwaka mzima umepotea. Wakiondolewa mapema mno na mvua ikanyesha sana, nyasi hupita kimo katikati ya kiangazi, na udongo unapoa wakati ambapo sisimizi anauhitaji joto. Tarehe haiandikwi kwenye kalenda ya ofisini. Husomwa kwenye nyasi, mwaka kwa mwaka.

Halafu kuna suala la mifugo gani. Mfugaji wa Kimaasai hahitaji kuelezwa kwamba mdomo wa ng'ombe na mdomo wa kondoo ni vyombo viwili tofauti. Ng'ombe huzoa nyasi kwa ulimi na kuzikata bila usawa, akiacha huku fupi na kule ndefu kidogo. Uzito wake hubomoa udongo kwa kwato, na katika vidonda hivyo vya ardhi mbegu za thaimu hupata pa kuotea. Kondoo ana midomo myembamba, hula hadi chini kabisa, lakini pia huchagua maua, na hilo ni hatari majira yasiyofaa. Farasi wadogo wana meno ya juu na ya chini, hivyo hukata nyasi karibu sana na ardhi. Msimamizi mzuri wa mteremko huwatumia wanyama hawa kama fundi seremala anayejua ni lini achukue randa na ni lini achukue patasi.

Sehemu inayonistaajabisha zaidi ni mizani kati ya thaimu na viota. Ungedhani thaimu ikiwa nyingi ni heri. La. Sisimizi hutafuta chakula umbali wa takriban mita 2 kutoka kiotoni, kwa hiyo thaimu iliyo mbali zaidi ya hapo humwangusha kiwavi mahali ambapo hakuna atakayemwokota. Na thaimu ikijazana karibu na kiota kimoja, sisimizi huleta viwavi wengi mno nyumbani. Kiota kimoja cha mamia ya sisimizi kinaweza kumlea kiwavi mmoja mpaka mwisho. Wakiingia watano au sita wanamaliza mabuu yote na kufa njaa pamoja, nacho kiota kinadhoofika. Kwa hiyo mlinzi anataka viota vingi vya sabuleti vilivyosambaa, na thaimu iliyotawanyika kati yake, si haba, si tele. Hakuna anayeweza kupanda sisimizi kwa mkono hadi mteremko mzima ujae. Anachoweza ni kuandaa nyasi na kungoja sisimizi waje wenyewe. Huchukua miaka.

Thomas na wenzake walipoona ardhi imekaa sawa, wakaenda Uswidi. Kwenye kisiwa cha Öland, katika bahari ya Baltiki, samawati mkubwa bado aliishi kwa wingi kwenye nyika fupi za chokaa. Si kila ukoo wa kipepeo huyu ungefaa, kwa maana anayeibuka mapema mno huikuta thaimu haijatoa vitumba, na anayechelewa huikuta imekwisha kuchanua na kukauka. Mwaka 1983 viwavi wa kwanza kutoka Öland wakaletwa Devon. David Simcox, aliyefanya kazi bega kwa bega na Thomas, alikuwa miongoni mwa waliowasafirisha: maua ya thaimu, viwavi wadogo, barabara ndefu, na hofu ya kila kituo. Kutoka hapo mpango ukahamia hasa Somerset, kwenye vilima na kingo za reli. Eneo la Green Down likaja kuwa na moja ya makundi makubwa yanayojulikana popote duniani. Collard Hill, kilima cha shirika la National Trust, kilipokea kipepeo mwaka 2000, na huko kila mwananchi anaweza kwenda kumtazama wakati wa msimu wake.

Mwaka 2009 Thomas, Simcox na mwenzao Ralph Clarke walichapisha hesabu zao katika jarida la Science. Walichokuwa wametabiri kwa karatasi, yaani idadi ya vipepeo kulingana na viota vya sabuleti na kimo cha nyasi, kilikuwa kimetokea ardhini karibu vile vile. Kwa watu wa fani hii lilikuwa jambo kubwa. Ni mara chache mno kwa mdudu aliyetoweka kurudishwa kwa msingi wa maelezo yaliyopimwa, badala ya kubahatisha.

Rodborough Common, huko Gloucestershire, ni mfano mzuri wa mwendo wao. Kipepeo huyu alikuwa hajaonekana hapo kwa takriban miaka 150. Kwa miaka mitano walishughulika na malisho na vichaka tu, bila kiwavi hata mmoja. Mwaka 2019 wakaachia viwavi 1,100. Kiangazi cha 2020 wakaibuka vipepeo wapatao 750. Na mwaka 2022 watafiti walitangaza kuwa huo ulikuwa mwaka bora kwa samawati mkubwa nchini Uingereza katika kipindi cha karibu karne moja na nusu. Kwenye miteremko hiyo hiyo, okidi, nyuki adimu na vipepeo wengine wameongezeka, maana udongo wenye joto haumfai sisimizi peke yake.

Kwetu pwani ya Kenya ipo kazi ya jirani na hii, ingawa njia yake ni nyingine. Kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420, mradi wa Kipepeo ulianza Gede mwaka 1993. Wakulima wa vijiji vinavyouzunguka msitu huwalea viwavi ndani ya vizimba vya wavu, kisha huuza pupa zinazosafirishwa hadi kwenye mabanda ya maonyesho ya vipepeo ng'ambo. Mkulima huyo hujifunza kila kiwavi anakula jani la mti gani, mti huo unaota sehemu gani ya msitu, na majani yake ni laini mwezi upi. Akishajua hayo, msitu ukikatwa anajua hasa kilichokatwa. Ninaona undugu kati yake na yule mwenye rula wa Somerset: wote wawili wamekubali kuongozwa na matakwa ya mdudu.

Na matakwa hayo hayafanani. Huko huko Uingereza, katika misitu ya Blean karibu na Canterbury, kuna kipepeo wa rangi ya chungwa na kahawia, Melitaea athalia, ambaye viwavi wake hutegemea mmea mdogo wenye maua ya manjano hafifu. Mmea huo hustawi msituni pale mwanga unapofika chini. Kwa vizazi vingi wakata miti wa huko walikuwa wakiikata michesnati karibu na shina kwa ajili ya nguzo za ua, wakiiacha ichipue upya, na kila palipokatwa mmea ulisitawi kwa miaka michache na kipepeo akafuata. Walimwita mfuasi wa mkata miti. Biashara ya nguzo ilipopungua, misitu ikafunga kivuli na yeye akaelekea kutoweka. Katika miaka ya 1980 Martin Warren alionyesha kwamba kipepeo huyu ni mrukaji dhaifu. Uwazi mpya ukikatwa mbali hawezi kuufikia. Kwa hiyo leo hukatwa kwa zamu, kipande kando ya kipande, na njia pana zenye jua zikiviunganisha. Msituni hapo kukata miti ndiko kulinda, na kuiacha ndiko kumwua. Najua sentensi hiyo inaweza kutumiwa vibaya na wenye misumeno mahali ambapo msitu unatakiwa uachwe. Ndiyo maana lazima kwanza umjue mdudu, ndipo ushike msumeno.

Kisha yupo nondo wa pwani ya Essex, Gortyna borelii, aliyegunduliwa Uingereza mwaka 1968. Huyu ni kinyume cha samawati mkubwa kwa karibu kila kitu. Huruka usiku, mwanzoni mwa vuli. Kiwavi wake huishi kwenye mmea mmoja tu, mmea mrefu wa ukoo wa shamari, akitoboa shina na kushuka hadi mzizini. Lakini jike hatagi kwenye mmea huo. Hutaga kwenye nyasi ndefu, ngumu, zilizo kando yake, akiyasokomeza mayai kwenye ala za majani, na mayai hukaa huko majira yote ya baridi hadi kuanguliwa. Ukimletea ng'ombe wa Somerset umemwangamiza. Ukizikata nyasi baada ya vuli kwa nia ya kusafisha, umeyabeba mayai yote pamoja na majani makavu. Anachotaka ni ushirika wa mimea miwili, shamari hiyo na nyasi zilizoachwa zirefuke, katika ardhi ambayo haikanyagwi sana.

Tatizo lake kubwa ni bahari. Mimea yake mingi iko nyuma ya kuta za udongo zinazozuia maji, katika pwani inayozama kidogo kidogo, na maji ya chumvi yakiingia mara moja mizizi huoza. Walinzi wake wakaamua kumhamishia bara, wakizungumza na wenye mashamba mmoja mmoja, wakitafuta kona zilizoinuka ambako jembe halipiti. Colchester Zoo iliwazalisha nondo hao katika vizimba ili wapatikane wa kuhamisha. Mche wa shamari hiyo huchukua miaka kadhaa kunenepa mzizi kabla haujaweza kumlisha kiwavi hata mmoja, kwa hiyo wanaoipanda hupanda kwanza, huacha nyasi zijae pembeni yake, huhesabu mashina kila mwaka, na nondo huletwa mwisho.